Durdana Hatakiwi Sebuleni

Hakuna mtu mtaani kwake Multan anayeijua kriketi kumshinda Durdana Qureshi, na hadi Jumapili ile alikuwa hajawahi kuitazama mechi ya timu ya taifa hadi mwisho.

Chanzo ni sinia la chai. Alikuwa na miaka tisa alipoingia nalo sebuleni wakati wa mechi, na mguu wake ulipovuka kizingiti tu, mpigaji bora wa Pakistani akatolewa. Baba yake alimtazama. Juma lililofuata akaingia na bakuli la pakora, bajia za moto, akatolewa mwingine. Baba hakuhitaji ushahidi zaidi. "Durdana, mwanangu," alimwambia kwa upole, kama mtu anayempa mgonjwa dawa, "wewe kuanzia leo mechi zako ni za jikoni."

Baba alifariki, hukumu ikabaki. Kaka yake Wajahat aliirithi pamoja na nyumba. Miaka ikapita, Durdana akafiwa na mumewe, akarudi kwao na cherehani yake. Wifi yake Riffat alimpokea kwa machozi, akamwonyesha chumba, akamtandikia kitanda, kisha akafuta machozi na kusema, "Ila mechi zikianza, wifi, unajua."

Alijua. Alizisikiliza redioni, kwenye kiredio kilichokaa juu ya debe la unga, huku akishona jezi za kijani za watoto wa mtaa. Kila Ijumaa alipiga simu kwenye kipindi cha maswali ya michezo na kujibu kabla swali halijaisha. Siku moja mtangazaji alishindwa kujizuia. "Dada wa Multan, mechi hiyo uliitazamia wapi?"

"Karibu na jiko," Durdana akajibu. Mtangazaji alicheka hadi akaweka wimbo.

Fainali dhidi ya nchi jirani ilipowadia Jumapili ile, Durdana alikuwa amechoka kusimuliwa. Asubuhi alimwendea kaka yake. "Leo nikae hata nyuma ya mlango."

"Dada, bora uniombe figo."

"Figo yako ya nini? Imejaa chai."

Talha, mwana wa Wajahat aliyesoma hadi chuo kikuu, aliinua kichwa kutoka kwenye simu. "Shangazi, tukifungwa leo wenzetu watavunja televisheni. Sisi tutavunja jiko."

Mchana kila mmoja akashika nafasi yake: Wajahat mguu mmoja juu ya kigoda, Riffat na tasbihi pembeni mwa kochi, Talha ndani ya shati ambalo halijaona maji tangu nusu fainali. Sheria ya nyumba ilikuwa moja: mambo yakienda vizuri, asiinuke mtu. Durdana aliwekwa jikoni na karai la mafuta.

Wapinzani walikuwa wameshapiga mikimbio mingi, pointi za kriketi. Zamu ya Pakistani ilipofika, wapigaji watatu wakatolewa kama watu waliosahau kitu nyumbani.

"Dada!" Wajahat aliunguruma. "Umechungulia?"

"Nakaanga!"

"Basi acha hata kuwaza!"

Hapo ndipo Durdana alipozima jiko. Kama lawama ni yake hata akiwa jikoni, basi na raha iwe yake. Alipanda ngazi hadi juu ya paa, akaruka ukuta mfupi na kuteremka kwa jirani yao, Bi Qudsia, bibi kizee mwenye televisheni ya antena iliyofunguliwa sauti hadi madirisha yanatetema.

"Bi Qudsia, mimi nina mkosi," alisema mlangoni.

"Mimi nimezika waume wawili na bado naalikwa harusini. Kaa!"

Akakaa kwenye mto juu ya kitanda cha kamba, mguu wa kushoto ameukalia. Na akaona. Redio ilikuwa imemwambia kila kitu isipokuwa kwamba uwanja ni mkubwa kiasi kile, na kwamba mrushaji anayetisha dunia nzima hufuta viganja kwenye suruali kama mtoto anayeitwa kula. Durdana alicheka peke yake. Kila aliposubiri mpigaji atolewe, mpira ulikimbilia kwenye kamba ya mpaka. Mguu ukafa ganzi. Hakuthubutu kuusogeza.

Ukabaki mpira mmoja, ikitakiwa mikimbio minne. Mpira ukarushwa, rungu likazunguka, mpira ukapaa ukavuka kamba bila kugusa chini: mikimbio sita kwa mpigo.

"Sitaaa!" Durdana alipiga ukelele uliorusha njiwa wa paa zote.

Sebuleni kwa Wajahat, ambako picha huja kwa intaneti na huchelewa pumzi kadhaa, mrushaji alikuwa bado anafuta viganja.

"Hiyo ni sauti ya dada," Wajahat alisema, amekauka.

"Ameona nini?" Riffat akauliza. "Mbona mpira haujarushwa?"

Ukarushwa. Ukapaa. Ngoma zikalipuka barabarani. Wajahat alikimbia, kwanza chooni, ambako alitakiwa kwa zaidi ya saa nzima, kisha akaruka ukuta wa paa kama kijana.

"Umetazama tangu lini?"

"Tangu watatu walipotoka."

Wajahat alipiga hesabu kimyakimya. Tangu watatu walipotoka, hakutolewa mwingine. Uso wake ukabadilika. "Na ulikaa hivyohivyo? Na mguu huo?"

"Umekufa ganzi. Nisaidie niinuke, twende sebuleni nikaone kombe."

"Usiinuke!" Alimkandamiza mabega kwa mikono miwili. "Kombe halijakabidhiwa!"

Riffat akafika akihema, na pakora mkononi, akamlisha wifi yake mdomoni ili asisogeze hata mkono. Talha, nyuma yake, akaupiga picha mto aliokalia Durdana, usije ukapotea kabla ya mechi ijayo.

"Kwa hiyo sebuleni?" Durdana aliuliza, mdomo umejaa.

"Sebuleni hutakiwi kabisa," Wajahat akasema, machozi yakimlengalenga. "Wewe mahali pako ni hapa, mbele ya televisheni."

Durdana akameza, akamgeukia mwenyeji wake. "Bi Qudsia, ongeza sauti."