Shikamoo Kwenye Kona ya Mwisho

Chumba cha nyuma ya duka letu, Singida mjini, kilinuka mashudu ya alizeti na plastiki iliyopata moto. Mashudu yalikuwa ya baba, aliyekamua mafuta uani. Plastiki ilikuwa ya televisheni, na ya mashine ya gemu aliyokuja nayo likizo ile binamu yangu Swedi wa Tanga, mtoto niliyemzidi umri akanizidi kila kitu kingine. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya soko huria, na vitu ambavyo hatukuwahi kuvijua tukaanza kuvihitaji ghafla. Mimi nilihitaji kumshinda Swedi. Mara moja tu, kabla hajapanda basi la kurudi kwao.

Gemu lenyewe lilikuwa la mbio za magari, unayatazama kutoka juu kama mwewe anavyotazama vifaranga. Yalikuwa madogo kama maharage, yakilia kama nyuki waliofungiwa kwenye debe, na yalikwenda kasi hivi kwamba kona uliiona ukiwa umeshaigonga. Aliyeachwa nyuma hadi akatoka kwenye kioo alikuwa ameshindwa. Pedi za kuendeshea zilikuwa mbili, ila kitufe cha kusimamisha mchezo kilikuwa kwenye ile ya kwanza peke yake, na mama aliamua kwamba ya kwanza ni ya mgeni.

Tatizo langu halikuwa kona. Chumba kile kilikuwa njia: kila aliyeleta alizeti alipita pale kwenda uani, na wengi wao walikuwa wazee wa Ilongero, kijijini kwao mama. Kwetu mtoto hamwamkii mkubwa akiwa amekaa, wala akiwa ameshika kitu. Unaweka chini, unasimama, unainamisha kichwa, ndipo unasema. Wala haiishii hapo. Mzee akishaitikia marahaba anataka habari za shule, za mvua, na za ndama ambaye wewe hata hujui kama alizaliwa. Wakati huo kigari changu chekundu kimejikita ukutani, kinanguruma.

"Swedi naye asimame!" nilimlalamikia mama.

"Swedi mgeni. Wewe ndiye utakayesemwa Ilongero nzima."

Swedi, macho kwenye kioo, alirusha shikamoo yake nyuma ya bega kama mtu anayetupa ganda la muwa. "Dada, mbona unapaki?" aliniuliza kila nilipogonga. Nilitamani kumtwanga na pedi.

Siku ya kuondoka, begi lake likiwa limeshafungwa, tulicheza mbio moja ya kuagana. Sijui mikono yangu ilipatwa na nini. Nilimpita darajani, nikamwacha, kigari chake kikawa kinagusa ukingo wa chini wa kioo. Swedi akapiga magoti mbele ya televisheni, kwa mara ya kwanza likizo nzima. Ikabaki kona moja. Mlango ukafunguka, akaingia Mzee Hango wa Ilongero, kaka wa babu yangu mzaa mama, na gunia begani.

Nikaweka pedi chini. Nikasimama.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Aa, usisimame, endeleeni na kazi yenu," alisema, akatua gunia taratibu, kisha akaniwekea mkono kichwani. "Na bibi yako, lile goti limepona?"

Nilikuwa bado naeleza habari za goti niliposikia nyuma yangu muziki wa ushindi. Mchana ule Swedi alipanda basi na mashine yake. Hakuja nayo tena, na hadi leo kwenye harusi za ukoo hutangaza kwamba sijawahi kumshinda. Ni kweli.

Sasa nina shahada mbili na maoni makali juu ya malezi. Juzi nilirudi kutoka kazini nikamkuta mtoto wa kaka yangu kochini, anaendesha magari kwenye simu. Siku hizi ukigusa alama moja tu pembeni mwa kioo, mchezo unasimama. Hakugusa. Hakuinua hata kope. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nigombe, nikaona yuko mbele na kona imebaki moja. Nikafunga mdomo. Nikasimama mlangoni na mfuko wangu wa mchicha, nikimsubiri amalize aje aniamkie vizuri. Alishinda. Nikakohoa kidogo.

Akaanzisha mbio nyingine.