Tangazo la Kifo cha Baba

Kwetu mtu hajafa mpaka redio iseme. Utalia, utachimba kaburi, lakini kama tangazo halijasomwa baada ya habari za mchana, jirani atakuuliza, "Mbona hatujasikia?" Tangazo lina utaratibu wake: jina la marehemu, mtaa wake, kisha watoto, mkubwa kwanza, na mahali kila mmoja anapoishi. Asiyetajwa watu humtilia shaka kama ni mtoto wa nyumba ile. Miaka mingi niliyasoma mimi matangazo hayo, kwenye redio ya binafsi ambayo siku hizi ni mlango wenye kufuli.

Tulifungiwa kwa kusoma habari ambayo wakubwa hawakutaka isomwe. Wenzangu wengine walitiwa ndani, wengine wakahamia redio iliyobaki, wanasoma wanachopewa. Siwalaumu, tumbo halina likizo. Mimi nikaja huku Johannesburg. Nanyoa nywele mtaa wa Malvern, karibu na roboti, ndivyo huku wanavyoziita taa za barabarani, kwenye saluni ya mama mmoja wa Kikongo, na wateja wananiita Mtangazaji kwa utani.

Baba alipofariki, dada yangu alinipigia simu. Alilia kwanza, halafu akasema, "Kaka, tangazo tumeshapeleka. Wewe hatukukuweka. Mdogo wetu ana kazi yake ya ualimu, na jina lako huku bado linaponza watu."

Nikasema sawa. Ukubwa jalala. Lakini nilipokata simu niliukasirikia hata mkasi. Mimi ndiye kifungua mimba wa nyumba ile. Kumzika mzee siwezi, sasa hata kutajwa nisitajwe?

Mchana nikafungua kwenye simu ile redio iliyobaki kwetu. Kitini alikuwa mtu wa Tanga, muuza viatu, mdomo haufungi. Upande mmoja wa kichwa nilishaumaliza.

"Leo umenuna, Mtangazaji. Nani kakuudhi?"

"Baba yangu amefariki."

"Inna lillahi!" Akanishika mkono pamoja na mashine ya kunyolea. "Na bado unaninyoa? Wee bwana!"

"Ngoja, wanataka kumtangaza."

Mama wa Kikongo akazima televisheni. "Papa, pandisha sauti, na sisi tusikie."

Msomaji nilimtambua kabla hajamaliza kusalimia. Kazi nilimfundisha mimi, na mara nyingi alikula kwetu, sahani moja na baba. Kosa nililokuwa nikimfokea lilikuwa moja tu, kunyamaza hewani. Nilimwambia ukinyamaza, msikilizaji anadhani umekufa, anahamia kwa jirani. Akajirekebisha, na tangu hapo sikuwahi kumsikia akikwama.

Akasoma jina la baba. Akasoma mtaa. Akasema, "Ameacha watoto wake wapendwa..."

Akanyamaza. Hakuwa anameza mate wala kugeuza karatasi. Alinyamaza kwa urefu wa jina zima na mji wa mbali. Kisha akamtaja dada yangu, akamtaja mdogo wetu, akaendelea mpaka mwisho bila kukwama popote.

Nililia mbele ya wateja, na sioni haya kusema.

Mtu wa Tanga, nusu kichwa kimenyolewa, akatikisa kichwa kwa huruma. "Eish, mtandao wa huku nao! Umekata pale pale kwenye watoto."

"Haukukata," nikamwambia. "Hapo nimetajwa mimi."