Sanduku la Baadaye

Wakhisi hakuwa mtu wa kukiacha kitu kizima kikae kizima. Redio aliyoinunua soko la Kibuye aliifungua kabla hajaisikiliza. Baiskeli yake ilikuwa na vipuri vya baiskeli tatu. Ukimtembelea chumbani kwake Migosi, ilibidi usogeze nyaya ndipo upate pa kuketi, na bado kitu kingelia chini ya kitanda, naye angekuambia usijali. Alikuwa na miaka thelathini na sita, fundi wa kompyuta anayeaminika mjini. Kompyuta za watu alizirudisha zikiwa sawa. Zake ndizo hazikupumzika.

Penzi lake hasa lilikuwa programu moja ya kuandikia, maandishi matupu kwenye skrini nyeusi, ambayo mwenyewe unaweza kuigeuza upendavyo mpaka isifanane na ya mtu mwingine yeyote. Byron, rafiki yake tangu shule, ndiye aliyemfundisha walipokuwa chuoni. Humo Wakhisi aliweka kalenda yake na orodha zake, na mwaka huu alikuwa amehamishia humo barua pepe zote. Alizitungia sheria: za wateja ziende huku, za matangazo zitupwe kule.

Sheria aliyoringia zaidi ilihusu matanga. Mkazi yeyote wa Kisumu anajua mambo yalivyo. Wiki haipiti bila kamati ya kuchangia mazishi: ya mliosoma pamoja, ya kanisa, ya shangazi wa mtu mliyefanya naye kazi miezi miwili. Wakhisi alichoka. Akaagiza kwamba barua yoyote yenye neno mazishi, matanga au marehemu iende moja kwa moja kwenye sanduku aliloliita Baadaye, bila mlio wala alama. Alisema atakuwa akilisoma kila mwisho wa mwezi. Hakulisoma hata mara moja.

Kilichomkosesha utulivu siku hizo ni Byron. Miezi mitatu nyuma, Byron aliacha kazi nzuri mjini akarudi kwao Luanda Kotieno kumuuguza mama yake. Wakhisi, badala ya kumpa pole, alimwandikia kwamba anakwenda kuozea kijijini. Maneno ya ovyo kabisa! Na yalitoka kwa mtu aliyekula likizo zake zote za shule nyumbani kwa mama huyohuyo, Mama Achola, aliyemwita nyathina, yaani mwanangu, na kumpakulia samaki kabla ya watoto wake wa kuzaa. Byron hakujibu. Wakhisi akaona aibu, akaandika barua ndefu ya kuomba radhi. Wiki tatu, kimya.

Basi akaipanga programu ikague barua kila dakika, kisha kila nusu dakika. Akaweka kengele ya kulia kwa jina la Byron peke yake. Jumatatu, kwa kukosa pa kupeleka mikono, akaifungua simu yake aisafishe, akavunja kitu ndani, ikazimika. Kipuri kikaagizwa Nairobi. Watu aliwaambia wamwandikie tu barua pepe, hiyo haipotei.

"Wakhisi," jirani yake Dorca alimwambia Alhamisi, akianika nguo, "huyo Byron ako hapo tu Luanda Kotieno. Si uende?"

"Niende aje na hajanijibu? Akinifukuza?"

"Akikufukuza utarudi. Kwani barabara itatoroka?"

Alijua Dorca anasema kweli, na hilo ndilo lililomkasirisha. Akarudi ndani kukaza skrubu zilizokwisha kukazwa.

Jumapili asubuhi alitengeneza kitufe cha kufuta sanduku zima kwa mkupuo mmoja. Akatafuta la kukijaribia, akalifungua Baadaye. Barua mia mbili na kitu. Kidole kilikuwa tayari kwenye kitufe alipoona jina la Byron kwenye mstari wa nne.

Ilikuwa ya Jumanne. "Mama ametuacha jana. Simu yako haishikiki. Mazishi ni Jumamosi hii, yeye mwenyewe alikataa kukaa mochari. Alisema wasifu wake usomwe na wewe. Njoo mapema, ndugu yangu. Yale mengine yaliisha zamani."

Kwa neno mazishi tu, sheria ya matanga ilikuwa imeitangulia ile ya kengele. Wakhisi alilia kwa sauti, na Dorca akaja mbio akidhani umeme umempiga.

Akasafiri kwa barabara ya Bondo, akashuka Ndori, akapanda bodaboda. Njia nzima alikuwa akiyapanga maelezo yake. Alipofika, vijana walikuwa wakishusha mahema, na Byron alikuwa akibebanisha viti vya plastiki. Alimwona, akavitua. Akatoa mfukoni ratiba ya mazishi, akampa. Chini ya maombi paliandikwa: Wasifu wa marehemu, Wakhisi, mwanawe.

"Tulikungoja mpaka saa tisa," Byron akasema. "Pasta akasema jua linaenda. Hapo kwa wasifu tukaruka. Hakuna mtu alisoma."

Wakhisi aliikunja ratiba, akaikunjua tena.

"Kwani ulikuwa wapi, omera, ndugu yangu?" Byron akauliza.

Maelezo yote ya njiani yakamtoroka. "Nyumbani," akasema. "Nilikuwa nangoja barua yako."

"Nilikuandikia Jumanne."

"Najua. Nimeiona leo."

Byron akamshika mkono, akampeleka nyuma ya nyumba, kwenye udongo ambao ulikuwa bado mbichi.

"Mimi nilikusamehe zamani," akasema. "Lakini huyu alikuulizia mpaka mwisho. Mwambie mwenyewe."

Akarudi kwenye viti vyake. Wakhisi alibaki pale, bila karatasi, bila neno alilolipanga. Alipofungua mdomo, alianza kwa kutaja jina lake, kwamba ni Wakhisi, amefika.