Flashi Iliyorudisha Picha Nilizofuta

Naona aibu hata kuisimulia, lakini kwa vile nusu ya Tarakea waliiona kwa macho yao, bora mnisikie mimi mwenyewe kuliko kuipata sokoni imeshatiwa chumvi.

Wazazi wangu walikuwa wanatimiza miaka hamsini ya ndoa, na dada yangu Fina akaamua picha zao zionyeshwe ukutani kwa projekta siku ya sherehe, kazi nikapewa mimi, kwa sababu ndiye mwenye kamera ya dijitali na (haya ni maneno yake) "wewe huna mke wala watoto, muda unao." Kweli ninao. Nilikuwa nimepanga chumba Shirimatunda, nikitoka kazini nafunga mlango, na redio ndiyo inayonisemesha mpaka nilale.

Nikaskani picha za zamani kwenye kafe moja ya intaneti mjini, nikazihamishia kwenye flashi yangu, na hapo ndipo nilipofanya ujinga: kafe inafungwa, taa ya flashi bado inawaka na kuzima, mimi nikaichomoa. Kesho yake naichomeka kwenye kompyuta ya ofisini, inaniambia flashi haijafomatiwa, je, niifomati? Nikabadilisha tundu, swali lile lile. Nikajaribu kompyuta nyingine, lile lile. Nikaenda kwa Bwana Karim, mwenye duka la kompyuta ambalo alirithi kwa baba yake likiwa bado la redio.

"Umekubali kuifomati?" akaniuliza.

"Bado."

"Basi una bahati. Usiandike kitu chochote humu."

Akaiendesha programu ya kuokoa mafaili, picha zikaingia moja moja kwenye kompyuta yake, akanichomea kwenye CD, ila majina yote yalikuwa yamepotea, zimebaki namba tu. "Zipitie zote kabla hujaonyesha watu," akasema, "hii inarudisha hata ulizozifuta." Nikafungua chache za mwanzo, nikamwona baba na suti yake ya arusi, nikaridhika, nikakimbilia basi la Rombo, nikapanda nyumbani Tarakea kwenye sherehe.

Ukumbini mambo yalianza vizuri. Mama kijana, baba na baiskeli, watu wanapiga vigelegele. Halafu nikatokea mimi ukutani, mkubwa kama mlango, nimevaa suti, nimekaa mezani peke yangu, mbele yangu kuku mzima na sahani mbili. (Krismasi iliyopita nilimwambia mama sipandi nyumbani, nina wageni, ukweli nilikuwa nimechoka kuulizwa nitaoa lini. Nikapika, nikaandaa meza, nikaitega kamera ijipige yenyewe, kisha nikazihamishia kwenye flashi hii hii, nikazitazama nikazifuta zote.)

Watu wakacheka, wakidhani ni utani niliouandaa. Ikaja nyingine, nimeinua glasi. Nyingine, nacheka na kiti kitupu. Fina akaninong'oneza, "Zima," nami kwa kiherehere nikabonyeza siko, zikaanza kupita haraka haraka, mimi na kile kiti, mimi na kile kiti, mpaka kicheko kikaisha chenyewe ukumbi mzima, na hapo ndipo nilipotamani wangeendelea kucheka.

Nilipofanikiwa kuzima, mama akauliza kutoka meza kuu, si kwa ukali, "Hiyo ndiyo Krismasi uliyokuwa na wageni?"

"Ndiyo, mama."

"Walikaa wapi?"

Ningeweza kusema walichelewa. Nikasema, "Sikumwalika mtu."

Mama aliondoa mkoba wake kwenye kiti, akamwambia baba asogee kidogo, akaniita. Basi nikakaa katikati ya maarusi wa miaka hamsini, mtu mzima na ndevu zangu, mama ananikatia nyama ya mbuzi mbele ya watu wote, na mimi nakula kwa sababu nikiinua uso nitalia.

Sijipigi picha tena mimi mwenyewe, hilo nimeapa. Nikitaka picha nasimama mlangoni nangoja mtu apite, hata awe muuza mayai, namwomba anibonyezee, na akimaliza namwomba asiondoke kwanza, tuzungumze kidogo.