Siku Nilipopamba Sherehe kwa Isale

Mkasa huu nisingeusimulia, ila wenzangu wa bustanini wameshausimulia kila mahali na kila mmoja anautia chumvi yake, kwa hiyo afadhali mnicheke kwa habari kamili.

Mimi ni mtunza mimea katika bustani ya chuo kikuu kimoja huku juu ya Moshi. Naandika vibao, natembeza wageni, naeleza historia: kwamba hapa palikuwa shamba la kahawa la mlowezi, baadaye likawa la ushirika, mwisho likapewa chuo, wakapanda miti ya mlimani, mitishamba na migomba ya kila aina. Kuna pia kitalu cha masale (moja ni isale), yale majani marefu ambayo Mchagga huyapanda mpakani mwa kihamba chake, shamba la ukoo, na ambayo ukimkosea mtu unakata jani moja, unalifunga fundo, unampelekea, naye hata awe na hasira namna gani ni vigumu kulikataa. Kibao cha kueleza hayo nilikiandika mimi, mzaliwa wa Masama, tena kwa mbwembwe. Likumbukeni hilo.

Siku hiyo tulikuwa tunafungua sehemu mpya ya migomba. Mkuu wa bustani, Profesa Magesa, mtu mpole wa Musoma, alitaka kila mgeni apokelewe kwa ua. Asubuhi muuza maua wa mjini akanipigia simu kwamba maua yote yamekwenda harusini. Nami kwa ile akili yangu ya haraka inayoniponza kila mara nikasema si neno, masale si yapo, hayanyauki, hayana gharama, nikachukua kisu nikakata, na kwa kuwa yalikuwa yanamwagika kwenye sinia nikayafunga fundo mojamoja yatulie (mikono ilifunga yenyewe, kama nilivyomwona bibi yangu akifunga, kichwa changu kikiwa kwenye maandazi ya wageni). Nikampa Profesa lile sinia, nikamwelekeza, "Anza na yule bibi wa mbele. Mpe kwa mikono miwili, uiname kidogo, ni mtu mzima."

Yule bibi wa mbele ni Bibi Aikaeli, jirani yetu. Zamani, kabla yangu na kabla ya Profesa, chuo kilipojenga uzio kiling'oa masale ya mpaka wake, uzio ukameza migomba aliyoachiwa na mama mkwe wake, na masale yenyewe yakahamishiwa kwenye kitalu chetu. (Kwenye kibao niliandika "yamekusanywa kwa majirani". Ndiyo, ni mimi.) Tangu hapo hakuwahi kukanyaga bustanini wala kuitikia salamu ya mfanyakazi wetu yeyote. Siku hiyo alikuja kwa sababu mjukuu wake alikuwa kwenye kwaya tuliyoialika.

Profesa akainama, akanyoosha mikono miwili. Kwaya ikanyamaza katikati ya ubeti, wazee wakavua kofia. Bibi Aikaeli akalitazama lile jani, akalipokea, akaliweka mapajani, machozi yakamtoka. Akaomba kipaza sauti.

"Nilisema nitakufa na kinyongo changu," alisema. "Lakini mmenijia na isale, mbele ya watu. Sina neno tena. Nimesamehe."

Vigelegele vikapigwa. Profesa naye, akipiga makofi kwa furaha, akanisogelea sikioni. "Amesamehe nini?"

Hapo ningenyamaza yangeisha. Lakini niliona kazi yangu inaondoka, maana chuo kilikuwa kimekiri kosa kwa sinia langu, na mdomo huponza kichwa, nikamwinamia Bibi nikamnong'oneza, "Bibi, samahani, haya yalikuwa mapambo tu, maua yalikosekana." Kumbe kipaza sauti bado anacho mkononi na hakijazimwa. Ile "mapambo tu" ilitoka kwenye spika zote ikasikika mpaka barabarani.

Bibi hakunitukana. Laiti angenitukana. Alilifungua fundo taratibu, akalinyoosha jani kwa kiganja, akalirudisha kwenye sinia. Akachukua mkongojo wake akaondoka, majirani wakamfuata, kisha kwaya nzima, tukabaki sisi, maandazi, na wageni kutoka Dar walioniuliza kama hiyo nayo ilikuwa kwenye ratiba.

Kuchekwa nimezoea. Kilichoninyima raha ni vile vidole vyake vikifungua fundo. Mtu alikuwa ameshautua mzigo wa miaka, mimi nikamtwisha tena, na niliumia kweli. Jioni nilimweleza Profesa kila kitu nikingoja anifukuze.

"Kwa hiyo mpaka ulikuwa wake?" akauliza.

"Ulikuwa wake. Kila mtu huku anajua."

"Basi tumeomba msamaha vibaya. Twende tukaombe vizuri."

Jumamosi tulikwenda kwake, mimi na jani moja la fundo, Profesa na toroli lililojaa masale na mizizi yake, yale yale ya mpakani. Tulimkuta akimkatia ng'ombe majani ya migomba. Tukamwamkia shikamoo, hakuitikia. Nikapiga magoti kwenye matope nikamnyooshea jani.

"Na hili nalo ni pambo?" akauliza.

"Hapana, Bibi. Hili ni langu. Nimekukosea."

Alimaliza kwanza kumlisha ng'ombe wake, ndipo akamtazama Profesa na toroli lake. "Marahaba," akasema. "Chimbeni kwanza. Jani nitalipokea nikiona mashimo."

Tulichimba ndani ya uzio, pale mpaka ulipokuwa, yeye akituelekeza kwa mkongojo, mkono huu, hapana, rudi, profesa gani hajui kushika jembe. Uzio wenyewe bado unangoja vikao vya chuo, na vikao mnavijua. Ila masale yameshika, na jani alilipokea.

Kibao nimekiandika upya. Na nimejiapiza kwamba sitafunga tena fundo kwenye isale kama sina kosa la kuombea msamaha, sherehe ikikosa maua na ikose. Bibi Aikaeli siku hizi anamsalimia kila mfanyakazi wa bustani kwa jina lake, isipokuwa mimi. Mimi akiniona ng'ambo ya uzio ananiita Mapambo. Naitika.