Mstari Usoni mwa Mgeni Rasmi

Juzi, kwenye mapokezi ya ofisi moja ya umma huku Geita, mafundi walikuwa wakifunga skrini kubwa iliyounganishwa kwa vipande vingi kama vigae. Bosi wa ofisi akapitisha ukucha kwenye maungio. “Huu mstari utamkata mgeni rasmi usoni akionyeshwa hapa. Uondoke leo.”

Fundi akalegeza skrubu, akasogeza kipande, akakaza. Mstari ukapotea.

Kwenye foleni yetu, bibi mmoja anayeishi jirani na mgodi akanyoosha kiganja. “Mwanangu, baruti zimepasua nyumba yangu. Ufa unapitisha mkono huu, na ninyi mlikuja mkauona.”

“Mama, suala lako linafanyiwa kazi,” akajibu bosi bila kugeuka.

Bibi akarudisha mkono ndani ya kitenge. Kosa lake ni moja tu: amejenga mahali ambapo mgeni rasmi hafiki.