Mchi wa Susu Haukufika Nairobi

Jumamosi iliyopita nilirudi Machakos, na safari hii sikwenda mazishini wala kwenye kesi ya shamba. Nilikwenda kustarehe. Ni binti yangu aliyenivuta. Yeye amekulia Syokimau, mlangoni mwa Nairobi, na Machakos aliijua kama mahali pa kumwona babu yake kisha kugeuza gari. Siku hizi wenzake wamemwambia mji umechangamka, na kweli, ndugu yangu, umechangamka. Kulikuwa na jioni ya sanaa na vyakula kwenye uwanja, mahema yamepangwa kwa mstari, moshi wa mbuzi wa kuchoma umetanda hadi barabarani. Vijana walichora picha papo hapo, msichana mmoja akakariri mashairi ya Kikamba kwa sauti iliyonisimamisha vinyweleo, na wachongaji walikuwa wameleta twiga na vijiko vyao. Nilijisikia mwenyeji mwenye kujidai kidogo. Nilitembea kifua mbele kana kwamba mimi ndiye niliyeandaa yale yote.

Kisha nikanunua muthokoi. Muthokoi, kwa usiyeujua, ni mahindi yaliyotolewa ganda yakapikwa na maharagwe mpaka yakawa laini, na Mkamba asiyeupenda sijawahi kukutana naye. Niliuziwa kwenye bakuli la karatasi, jani la dania limewekwa juu kama ua. Ulikuwa mweupe, wa mashine, kila punje sawa na mwenzake. Sikuulalamikia, niliula wote. Lakini nilipotafuna niligundua kwamba nilikuwa nasubiri kitu, na ilinichukua muda kukijua. Nilikuwa nasubiri mlio.

Susu, ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu Ukambani, alikuwa na hoteli ndogo nyuma ya soko. Ninaposema hoteli usifikirie vitanda. Ilikuwa meza za mbao, mabenchi, jiko la kuni na ua wa nyuma uliozungushiwa ukuta wa mawe. Likizo na jioni za shule nilizimaliza kwenye ua ule. Kazi yangu ilikuwa kupepeta makapi kwenye ungo, kuwamwagia kuku, na kufukuza kuku hao hao waliporudi kuomba zaidi. Nilinuka moshi toka Januari hadi Desemba. Mwalimu wangu alikuwa akisema anajua nimefika darasani kabla hajaniona.

Ijumaa alasiri ndipo Susu alipotwanga muthokoi wa Jumamosi. Mahindi hunyunyiziwa maji kidogo, yanatiwa kinuni, na wanawake wawili wanasimama wakitazamana, kila mmoja na mchi wake. Mwenzake alikuwa jirani yetu muuza ndizi, mama mnene mwenye kicheko cha kuamsha mtoto. Mchi wa Susu ukishuka, wa jirani unapanda. Ukikosea kidogo tu michi inagongana na mikono inakufa ganzi. Wao hawakukosea. Na katikati ya mapigo Susu alikuwa na mtindo wake: mara kwa mara aligonga ukingo wa kinu kwa ubavu wa mchi, ta, kabla haujashuka ndani. Dum, dum, ta-dum. Jirani alikuwa akimwambia anachezea chakula. Susu alijibu kwamba mahindi nayo yachoka kupigwa bila hata wimbo.

Kando ya hoteli kulikuwa na baa ambayo bendi ilipiga Jumamosi, na Ijumaa wanamuziki walikuja kula kwa Susu kisha wakafanya mazoezi kwenye ua wetu kwa sababu ule ukuta wa mawe ulirudisha sauti vizuri. Mwanzoni walingoja wanawake wamalize kutwanga. Halafu siku moja wakaacha kungoja. Mpiga gita, kijana mrefu aliyevaa kofia hata ndani ya nyumba, alianza kucharaza gita lake taratibu juu ya mlio wa kinu, akiwafuata wale wanawake pigo kwa pigo. Nilikuwa na ungo mkononi. Kuku walikula makapi na mahindi pamoja siku hiyo, maana hakuna aliyewaangalia.

Kutoka hapo Ijumaa ikawa kitu kingine. Mafundi wa cherehani walifunga mapema wakaja kusimama mlangoni. Mama Mwislamu mwenye duka la vitambaa, ambaye watu wake walitoka pwani zamani, alileta sinia la viazi karai na birika la chai ya tangawizi. Watu walikula, wakacheza, miguu vumbini, na jua lilipoanza kuzama kila mtu akaenda kwake. Baa yenyewe Susu hakuikanyaga hata siku moja. Yeye alisema starehe yake inaisha kabla ya taa kuwashwa.

"Mama, usiharakishe," mpiga gita alimwambia siku moja.

"Ni wewe unachelewa," Susu akasema bila kusimamisha mchi. "Hii mahindi hainingoji mimi, itakungoja wewe?"

Walicheka, lakini niliona kijana akirekebisha vidole.

Ndipo bendi ilipotunga wimbo wa mwanamke anayemtwangia muthokoi mgeni asiyejua atafika lini. Walitaka kwenda kuurekodi Nairobi, na mpiga gita akaja jikoni amevua kofia, jambo ambalo peke yake lilitutia wasiwasi. Alimwomba Susu aende nao, yeye na jirani na kinu chao, ili katikati ya wimbo vyombo vyote vinyamaze na isikike michi peke yake. Mara mbili, akasema. Gita litangoja mpaka wamalize.

Sijui kama nitaweza kukueleza Susu alivyokuwa wiki ile. Alikisugua kinu kwa majivu, akakianika juani, akakigeuza kama mtoto anayeogeshwa. Alichagua mahindi punje kwa punje, eti ya Nairobi lazima yawe makubwa. Alitoa kitambaa chake cha kichwa cha hariri kilichokuwa kimekunjwa tangu harusi ya mama yangu. Maisha yake yote watu walimwomba chakula, na aliwapa, na walishiba wakaondoka. Sasa mtu alikuwa amemwomba sauti.

"Mimi nikikufa," aliniambia huku akipima kitambaa kichwani, "bado mutanisikia nikitwanga. Hata watoto yako."

Baba alikuwa mkulima Muthetheni na mzee wa kanisa. Alikuja mjini siku ya soko, akala, akasikia habari ile kwa jirani aliyekuwa ameshaanza kuwaaga wateja kana kwamba anakwenda Ulaya. Naomba usimchukie baba yangu. Alikuwa mtu mpole, hakuwahi kutuchapa, na alimheshimu mama yake kuliko mtu yeyote duniani. Aliingia jikoni akaketi kwenye kigoda cha chini ili asimzidi kimo.

"Mwaitu," akamwita, yaani mama, "hiyo wimbo itachezwa wapi?"

"Kwa redio."

"Na kwa baa."

"Kwani mahindi iko na dhambi gani?"

"Si mahindi, Mwaitu. Ni ile pahali. Watu watakunywa pombe wakisema, sikia huyo ni mama wa mzee wa kanisa. Na wewe kitambaa ya akina mama wa kanisa utavaa namna gani Jumapili? Watakuvua hiyo kitambaa, na mimi ndio nitakuwa nimeketi kwa kiti ya wazee nikiangalia."

Susu alikuwa mjane, na kwetu mjane husikiliza neno la mwanawe mkubwa, hasa likisemwa kwa upole. Baba angefoka, pengine Susu angefoka zaidi, na ningekuwa nakuandikia habari nyingine leo. Lakini alisema taratibu, macho chini, na upole ule haukumwachia Susu pa kushika. Chungu kikaanza kufurika.

"Sawa," akasema. Akaenda kupunguza kuni.

Asubuhi ya safari gari lilikuja na kusimama mbele ya hoteli. Kinu kilikuwa mlangoni, safi, kinang'aa. Susu alikuwa ndani akipukuchua mahindi ambayo hayakuhitajika. Jirani alikataa kwenda peke yake, akisema mchi mmoja ni kelele tu. Mpiga gita aliingia, akazungumza na Susu kwa sauti ya chini, akatoka. Alimwambia dereva angoje kidogo. Wakangoja. Mwisho wakapakia vyombo vyao wakaondoka, na mimi niliyesimama mlangoni sikuweza kumtazama Susu usoni.

Sasa sikiliza walichofanya wale vijana, maana sijui bendi nyingine yoyote ingefanya hivyo. Waliurekodi wimbo wakaacha nafasi ya michi wazi, mara mbili, kama walivyopanga. Watu wa studio waliwaambia waijaze kwa ngoma, wakakataa. Walisema mama atakuja. Waliamini baba yangu atalainika baada ya mavuno na watarudi kumweka Susu mahali pake. Hawakujua, na sisi hatukujua, kwamba mwenye studio hangojei mavuno ya mtu. Santuri ilitoka vile vile.

Na ikapendwa! Ilipigwa Machakos yote, Kyumbi kwenye vibanda vya nyama, hadi harusini. Watu walipofika pale kwenye kimya walidhani mwanzoni santuri ina kasoro. Kisha mlevi mmoja, hakuna anayejua nani, akakijaza kile kimya kwa kupaza jina la kwao. Mwingine akajibu kwa kutaja kwake. Ikawa desturi. Gita likinyamaza, kila mtu anataja kijiji chake kwa nguvu zote, na anayechelewa anachekwa.

Susu aliusikia kwanza kwenye redio ya jikoni. Alikuwa akisonga ugali, mimi nimechuchumaa nikichambua maharagwe. Gita liliponyamaza, alitoa mwiko kwenye sufuria akagonga ukingo wake: dum, dum, ta-dum. Gita likarudi, naye akarudi kwenye ugali wake. Hakugeuka kuniangalia. Kila ulipopigwa baada ya hapo alifanya hivyo, kwa mwiko, kwa kijiko, na alipozeeka kwa vidole kwenye ufito wa kitanda. Jirani yake alishafariki kabla yake, mashine ya kukoboa ilishafika sokoni, na kinu kilibaki uani kuku wakilala ndani yake. Nami nilishaolewa, nikawa nakuja na unga na sukari na haraka zangu.

Jioni tuliyomzika Susu, baba aliketi nje ya nyumba ya Muthetheni na kiatu kimoja mkononi, tope la kaburini bado limeganda kwenye soli. Nilikaa karibu naye. Alikwangua lile tope kwa ukucha, akasema, "Ningemwacha tu aende." Sikuuliza aende wapi. Hajawahi kulisema tena, na redio ikiupiga ule wimbo yeye huinuka akaenda kuangalia ng'ombe.

Kwa hiyo unielewe nilivyokuwa pale uwanjani na bakuli langu la karatasi. Nilikuwa nimefurahi, sidanganyi. Nilifurahi kuona vijana hawaoni haya kuimba Kikamba, kuona chakula chetu kinapangiwa foleni na watu waliotoka Nairobi makusudi. Lakini nilihuzunika kwa namna ambayo muziki mzuri hauwezi kuiponya. Hoteli ile sasa ni duka la simu. Ukuta wa mawe ulibomolewa, na baa imekuwa ofisi. Wale waliokuwa wakisimama mlangoni Ijumaa wengi wamelala, na sisi tuliobaki hatukumbuki mlio ule kwa usawa. Nimejaribu kumfundisha mtu, nikagonga meza, nikasikia mwenyewe kwamba sivyo. Ningetoa mengi kuusikia vizuri mara moja.

DJ akauweka ule wimbo. Ameuongezea besi nzito, lakini gita ni lile lile. Uwanja mzima ukapiga mayowe ya furaha, na binti yangu akanivuta mkono tucheze. Gita likanyamaza, watu wakalipuka: Masii! Kathiani! Mwala! Binti yangu akajaza kifua akapaza, "Syokimau!" Wenzake wakacheka mpaka wakainama.

"Unajua kwa nini wimbo husimama hapo?" nikamuuliza sikioni.

"Si ndio watu waite kwao?"

"Hapo ni Susu alikuwa atwange. Waliacha nafasi yake."

Alinitazama, bado anahema. "Nani, susu yako? Sasa mbona hakutwanga?"

"Alikatazwa."

"Na nani, Mum?"

Nikamwambia. Aliacha kucheza. Tulikuwa tulale kwa babu yake usiku huo, na mfuko wa nyama aliyomnunulia ulikuwa ukining'inia mkononi mwake. Wimbo uliendelea, ubeti wa pili ukapita, na nafasi ilipokaribia tena alinishika mkono akainamisha kichwa, akatega sikio kama mtu anayesubiri hodi. Gita likanyamaza. Watu wakataja vijiji vyao, wote kwa pamoja, kwa furaha kubwa. Kisha gita likaingia.